Gari Kongwe na Injini ya Kigeni: Mizani ya Kazi ya Mafundi wa Kariakoo na Gerezani

Miongoni mwa kazi zifanywazo kila siku katika mitaa ya Kariakoo, Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, kazi ambazo jiji huzitegemea lakini huzizungumzia kwa nadra, ipo ile ya kuling'oa gari kongwe la porini injini yake ya asili, na pengine giaboksi, ekseli na breki zake, na kulitia viungo vilivyotoka katika gari la kabila jingine. Gari hilo aghalabu ni Land Rover ya zamani, ile 109 iliyozoeleka mno nchini katika miaka ya 1960 na 1970, ama 110 iliyoifuata. Na viungo vinavyotiwa ni vya Toyota, Nissan, Isuzu au Mitsubishi. Wapo wanaoisifu kazi hii kuwa ni ithibati ya akili ya mafundi wetu, na wapo wanaoilaumu kuwa ni kuharibu asili na kuhatarisha roho za watu. Wote wana haki ya kusikilizwa, lakini wote, katika kusifu na katika kulaumu, huitazama injini peke yake. Rai ya makala haya ni kwamba ubadilishaji wa namna hii haupimwi kwa nguvu ya injini iliyotiwa, bali kwa ulinganifu wa gari zima tangu injini hadi tairi, na kwa wepesi ambao fundi mwingine, asiyemjua fundi wa kwanza, ataweza kulitengeneza gari hilo siku litakapokwama mbali na jiji.

Ili tulifahamu jambo hili, yatupasa kwanza kulifahamu gari lenyewe. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati Uingereza ilipokuwa bado katika dhiki iliyoachwa na vita, na kwa kuwa chuma cha bati kiligawiwa kwa kipimo, bodi yake ilifanywa kwa madini ya alumini, ilhali chasisi ilibaki kuwa ya chuma. Katikati ya miaka ya 1950 ikaja ile ndefu ya inchi 109 baina ya ekseli na ekseli. Mwaka 1971 likaja toleo la tatu lililodumu hadi 1985. Na mwaka 1983 ikazaliwa 110, yenye springi za mviringo na magurudumu yote manne yenye kusukuma daima. Katika Tanganyika gari hili lilikuwa la maofisa wa serikali, la wamisionari, la watunza wanyama, na la siasa pia, kwa maana TANU, iliyoasisiwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa uitwao leo Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo, ilimsafirisha Mwalimu Nyerere kwa Land Rover katika safari zake za kuwahutubia wananchi. Mapenzi ya watu kwa gari hili, yaliyoonekana tena mwezi Oktoba 2024 katika tamasha lake kubwa mjini Arusha, yana mizizi mirefu. Na si ajabu basi kuwa mwenye nalo huona uchungu kuliuza kwa bei ya vyuma chakavu.

Lakini mapenzi peke yake hayazai desturi. Desturi huzaliwa na haja. Katika Land Rover kila kiungo kina umri wake. Bodi ya alumini haishiki kutu kama chuma. Chasisi ya chuma huliwa, lakini hupigwa viraka na wachomeleaji. Injini ndiyo itanguliayo kufa. Ikafuata historia ya nchi: vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, uhaba wa fedha za kigeni ulioandamana navyo, na miaka ambayo pistoni moja ilitafutwa kwa miezi. Serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka 1984, ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagizia mali, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika bandarini, mengine yakipitia Dubai, na pamoja nayo vikaja viungo vyake. Hivyo mwenye Land Rover akajikuta katika hali ya kushangaza: gari lake zima, barabara za bara zikali zile zile, lakini spea za injini yake ghali na adimu, na madukani Kariakoo spea za Toyota zimerundikwa hadi darini.

Wahenga walisema kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka, na neno hilo ndilo kanuni ya kwanza ya kuchagua injini. Injini bora kwa mtu wa Dar es Salaam si ile isifiwayo Ulaya, wala si ile yenye farasi wengi, bali ni ile ambayo gasketi yake, ringi zake, pampu yake ya maji na sili zake za mpira hupatikana dukani asubuhi hiyo hiyo. Na kinacholeta wingi wa spea sokoni si wapenda magari ya porini, kwa kuwa hao ni wachache; ni daladala na malori madogo. Injini za Toyota 3L ya sentimita za ujazo 2,779 na 5L ya 2,986 zilienea kwa sababu ya Hiace zilizobeba abiria wa jiji, na zile za Mitsubishi Canter zilienea kwa sababu ya wachukuzi wa mizigo. Mwenye Land Rover akizichukua injini hizo huwa amejiunga na soko kubwa lisilomtegemea yeye, soko litakalokuwapo hata kama Land Rover zote zitatoweka.

Tukizilinganisha injini zenyewe, tutaona kuwa kila moja ina fadhila na dhima yake. Dizeli ya asili ya toleo la tatu ilikuwa na ujazo wa 2,286, nguvu ya farasi wapatao 60, na kani ya kuzungusha ya takriban nyutonimita 140. Toyota 3B, yenye silinda nne na ujazo wa 3,431, na Nissan TD27 ya 2,663 huliongezea gari nguvu kwa kiasi, na zote mbili huendesha kamshafti kwa meno ya chuma, si kwa mkanda wa mpira, jambo ambalo ni rehema kwa gari lisilokuwa na kumbukumbu ya matengenezo. Toyota 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa 4,164, ndiyo matlaba ya wengi, kwa kuwa farasi wake hupata 130 na kani yake huzidi maradufu ile ya asili. Lakini ina mkanda wa kubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, ni nzito, na ni ndefu hata rejeta hulazimika kusogezwa mbele. Kuna pia njia ya kubaki katika ukoo, yaani kuitia 109 injini ya 200Tdi ya mwaka 1989 ama 300Tdi ya mwaka 1994, ambazo hunywa mafuta kidogo na huingia bila ya kukatakata sana. Upungufu wake ni kuwa zinatafutwa na wengi, na zilizo nzima ni chache. Zaidi ya hayo, injini ya mtumba hununuliwa kwa imani na dalali, na hadhari humtaka mnunuzi aisikilize ikiwashwa, autazame moshi wake, aufungue mfuniko wa oili kuona kama inapumua kwa nguvu, na apime mgandamizo wa kila silinda kabla ya kutoa fedha.

Baada ya kupatikana injini huja ndoa yake na giaboksi, na hapa ndipo fundi mwenye hikima anapotengana na fundi mwenye haraka. Kasha la klachi la Land Rover halina matundu yanayolingana na ya Toyota, kwa hiyo sharti ikatwe sahani nene ya chuma ya kuviunganisha, na sahani hiyo huenda kwa mkerezaji, kwenye kerezo, ili katikati ya krankshafti na katikati ya shafti ya giaboksi iwe ni katikati moja. Jicho la mtu haliwezi kuithibitisha. Hupimwa kwa saa ya kupimia, na kosa la sehemu ndogo mno ya milimita hutosha kuitetemesha klachi na kuila beringi ya mbele ya giaboksi katika muda wa miezi michache. Mwenye gari hulalamika basi kuwa giaboksi ya Land Rover ni dhaifu, ilhali taksiri ilikuwa katika sahani. Kazi hii ya kukereza, ambayo mpita njia huisikia tu kama mlio wa chuma, ndiyo moyo wa ubadilishaji wote, na malipo yake hayastahili kubanwa.

Kwa sababu ya ugumu huo, mafundi wamegawanyika katika madhehebu mawili. Wa kwanza husema ibadilishwe injini tu, na giaboksi na transfa za asili zibaki, kwa kuwa propela shafti hazitaguswa na vyumba vya gia havitakatwa. Wa pili husema injini isitengwe na giaboksi yake wala na transfa yake, bali vihamishwe vyote pamoja kama vilivyotoka kiwandani. Dhehebu la kwanza lina haki iwapo injini mpya ni ya wastani. 3L, TD27 na Tdi zaweza kuishi na giaboksi ya zamani ikiwa dereva ana mguu wa huruma. Lakini kwa 1HZ dhehebu la pili ndilo lenye hoja, kwa maana giaboksi iliyokuwa ikipokea kani ya nyutonimita 140 haiwezi kudumu ikipokea maradufu yake. Gharama ya dhehebu la pili ni kufupisha au kurefusha propela shafti, na kuzisawazisha ili zisitetemeke, na kuhakikisha kuwa upande ambao transfa hutolea shafti ya mbele ndio upande ambao difu ya mbele imekaa. Asiyeliangalia hilo kabla ya kununua hujikuta na shafti inayopita palipo na sampu ya oili.

Tukishuka chini zaidi tunafika kwenye ekseli, na hapa pana somo ambalo wengi hulipuuza kwa kuwa halionekani. Difu za Land Rover za zamani zilikuwa na uwiano wa 4.7, yaani shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja, na hiyo ilikuwa tadbiri sahihi kwa injini ndogo isiyokuwa na nguvu. Chukua 109 yenye tairi za 7.50 kwa 16, ikienda kilomita 80 kwa saa katika gia ya nne: injini yake huzunguka takriban mara 2,900 kwa dakika. Ikitiwa difu zenye uwiano wa 3.54, zile za Range Rover na za 110, mwendo huo huo huhitaji mizunguko kama 2,200 tu. Tofauti hiyo ya mizunguko 700 ndiyo tofauti baina ya gari linalopiga kelele na kuchoka njia nzima hadi Morogoro, na gari linalokwenda kwa utulivu na kubana mafuta. Kwa hiyo aliyetia injini kubwa akaziacha difu za 4.7 amenunua nguvu asiyoweza kuitumia barabarani. Na aliyetia difu za 3.54 akaiacha injini ndogo atajuta mlima Kitonga utakapomdai gia ya pili tangu chini hadi juu. Tena ni wajibu difu ya mbele na ya nyuma ziwe na uwiano mmoja, kwa sababu zikitofautiana, siku magurudumu yote manne yatakapofungwa katika ardhi kavu, viungo vitashindana vyenyewe kwa vyenyewe hadi kimoja kivunjike.

Fauka ya uwiano kuna uimara. Ndani ya ekseli za zamani za Rover mna shafti nyembamba, ambazo mafundi huziita hafushafti, na hizo zilivunjika hata kwa injini ya asili pindi gari liliponaswa topeni na dereva akaachia klachi kwa ghafla. Ekseli ya Salisbury, iliyowekwa nyuma ya 109 tangu mwanzo wa miaka ya 1970, ni madhubuti zaidi, na mwenye nayo asiibadilishe bila ya sababu. Wengine huona ni afadhali kuweka ekseli zote mbili za Land Cruiser au za Nissan Patrol, na fikira hiyo si mbaya, ila ina mlolongo wake: Land Rover hufunga gurudumu kwa nati tano, hizo nyingine aghalabu kwa sita, basi rimu zote zitabadilishwa pamoja na ya akiba, upana baina ya magurudumu ya 109 ni kama sentimita 131, na ekseli pana zaidi itayatoa matairi nje ya madigadi, na viti vya springi vitakatwa na kuchomelewa upya, kwa pembe ambayo ikikosewa usukani hautarudi wenyewe baada ya kona.

Kiwanda chenyewe kiliwahi kukabiliwa na suala hili, na jibu lake ni hoja kubwa. Mwaka 1979 Rover walipoamua kuitia 109 injini ya V8 ya lita 3.5, hawakuidondosha tu mahali pa ile ya zamani: waliitia giaboksi mpya yenye kusukuma magurudumu manne daima, wakazigeuza difu kuwa za 3.54, na wakausogeza uso wa gari mbele ili rejeta ipate nafasi. Kadhalika jeshi la Australia, katika miaka ya 1980, liliagiza Land Rover 110 zenye injini ya Isuzu 4BD1 ya lita 3.9, na magari hayo yakapata sifa ya kudumu. Hivyo wanaosema kuwa injini ya Kijapani katika Land Rover ni haramu kwa asili ya gari hawana hoja. Serikali kubwa ilifanya hivyo kwa makusudi na kwa hesabu. Lililo haramu ni kuondoa hesabu na kuacha injini.

Hesabu hiyo haikomi kwenye viungo vya kusukuma. Gari lililopewa uwezo wa kwenda kilomita 110 kwa saa, ilhali breki zake ni ngoma za mwaka 1970, limepewa uwezo wa kuua. Kwa hiyo breki za sahani mbele na busta yenye kufanya kazi si anasa, ni sharti. Na busta ya dizeli ina siri yake: injini ya dizeli haitoi mvuto wa hewa wa kutosha, hivyo injini nyingi za Kijapani hubeba pampu ya mvuto nyuma ya altaneta. Fundi asiyejua akibadilisha altaneta kwa nyingine isiyokuwa na pampu hiyo, gari litawaka, taa zitang'aa, na kanyagio la breki litakuwa gumu kama jiwe. Umeme nao hutaka hadhari, kwa kuwa injini nyingi za Land Cruiser za dizeli zilizotumika Japani zenyewe zina volti 24 na Land Rover ina volti 12, basi stata na plagi za kupashia joto sharti zibadilishwe au mfumo wote ugeuzwe. Na joto la Dar es Salaam, katika foleni ya barabara ya Uhuru saa za alasiri, huihukumu rejeta kuliko mlima wowote.

Kuna pia mizani ya sheria. Kadi ya gari itolewayo na Mamlaka ya Mapato huandikwa namba ya chasisi, namba ya injini na ujazo wake, na hadi mwaka 2017 ada ya kila mwaka ilipangwa kwa ujazo huo. Gari ambalo namba ya injini yake haiafikiani na kadi humtia mwenyewe katika shaka mbele ya askari, na humpunguzia thamani siku ya kuuza. Na mbaya zaidi, injini isiyokuwa na risiti yaweza kuwa imetoka katika gari la kuibwa, na aliyeinunua bila ya kuuliza hana pa kujitetea. Kwa hiyo risiti ya injini ihifadhiwe kama hati ya nyumba, na kadi isahihishwe mapema. Ama yule anayeichukua bodi ya Land Rover na kuiketisha juu ya chasisi nzima ya Land Cruiser, ajue kuwa namba ya chasisi ndiyo nasaba ya gari, na kwa hakika ametengeneza Land Cruiser iliyovaa vazi la Land Rover.

Imebaki hoja ya wale wasemao kuwa fedha hizo zingefaa kununulia gari jingine. Kwa mtu wa mjini, anayetoka Upanga kwenda Posta na kurudi, wana haki, na ushauri wao ufuatwe. Lakini gari la kweli la porini ni ghali hata likiwa la mtumba, na kodi ya ziada huyaandama magari makuukuu yaingiapo bandarini. Ilhali yule anayebeba mahindi, mbao au wagonjwa katika njia za Liwale au Mpanda tayari anayo bodi isiyooza na chasisi anayoijua kila kiraka. Kwake injini ya wastani iliyofungwa vizuri ni mtaji, na kuiita ujinga ni kukosa insafu.

Insafu hiyo hiyo inatutaka tuutaje upungufu mkubwa wa kazi hii, nao si wa mikono bali ni wa kalamu. Fundi wa Gerezani hujua ni sahani ya klachi ya gari gani aliyoitia, ni beringi ya namba ipi, ni propela ya urefu gani. Lakini huyajua hayo kichwani tu, na gari likishavuka Chalinze elimu hiyo hubaki jijini. Fundi wa Mpanda akiifungua klachi hukuta kiungo asichokijua asili yake, naye hubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakoyaua magari haya kuliko kani ya injini. Dawa yake ni nyepesi: kila gari lililobadilishwa libebe hati moja, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kutiwa sahihi na fundi, inayotaja kila kiungo kilichotiwa, gari kilikotoka, namba yake, uwiano wa difu na volti za umeme. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambayo huwapima mafundi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti kwa utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi, yafaa iifanye hati hiyo kuwa sehemu ya mtihani wa fundi makenika. Na mwenye gari, kabla ya kulipa shilingi ya mwisho, aidai kama anavyoudai ufunguo.

Injini ya kigeni ni halali katika gari kongwe maadamu giaboksi inaihimili, difu zinaipa mwendo unaoifaa, breki zinaitii, kadi inaikiri, na fundi wa mbali anaweza kuisoma. Likikosekana moja katika haya, nguvu iliyonunuliwa Kariakoo haitafika kwenye tairi, na ikifika haitadumu.